Meneja wa Gasorwe

Ursula alikuwa na miaka sita katika kiwanda cha kahawa cha Brenholt pale Gitega, na katika miaka hiyo yote hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kumuulizia kwa jina. Wageni walikuja, wa Ulaya na wa Bujumbura, wakapitishwa katikati ya meza za kuchambulia, wakapiga picha mikono ya wanawake ikitenga kahawa nzuri na mbovu, wakaondoka. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa sita, mwanamke mmoja mrefu mwenye mkoba begani aliposimama mlangoni na kuuliza kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mi natafuta Madame Ursula. Iko hapa?", ukumbi mzima uliinua vichwa.

Ursula akainuka, akakung'uta vumbi la maganda kwenye kitenge chake. "Ni mimi, dada."

Mgeni akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili. Akatoa simu, akaiangalia, akamwangalia tena. Akasema hapana, yeye alikuwa akimtafuta Ursula mwingine, meneja wa kituo cha Gasorwe kule Muyinga. Ofisini wamemwambia meneja huyo yupo Gitega wiki hii kwa ajili ya mkutano.

Meza ya Ursula ikaangua kicheko. Jirani yake mmoja akasema kwa Kirundi kwamba kama Ursula ni meneja, basi yeye ni askofu. Ursula mwenyewe alicheka, maana mbali na hapo hakujua la kufanya. Mgeni peke yake hakucheka. Akamgeuzia ile simu.

Alikuwa ni yeye. Hapakuwa na pa kubishia: lile kovu juu ya nyusi alilipata kwa kuanguka na baiskeli utotoni kule Ulyankulu, Tanzania, na hakuna binadamu mwingine aliyelipata pamoja naye. Kwenye picha alikuwa amevaa koti jeupe, kalamu mfukoni, na nyuma yake zilinyooka meza ndefu za kuanikia kahawa. Chini palikuwa na maneno ya Kifaransa. Mgeni akayafasiri taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Ursula, meneja wa kituo chetu cha Gasorwe. Alikulia ukimbizini. Leo anaongoza wafanyakazi makumi ine na mbili. Kwa Brenholt Burundi, viongozi makumi ine kwa mia ni wanawake."

Kicheko kilikatika kama uzi. Wanawake walimtazama Ursula, na kwa baadhi yao aliona jambo lililomchoma kuliko maneno ya picha: walikuwa wakijiuliza kama aliwaficha kitu.

Mgeni aliitwa Ghislaine. Alizaliwa Bukavu, akaondoka huko akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na sasa alifanya kazi Ubelgiji, kwenye makao makuu ya kampuni, katika ofisi inayoshughulikia maadili ya wafanyakazi. Alitarajiwa Alhamisi. Alikuja Jumanne kwa makusudi. Akamwomba Ursula waende mahali penye utulivu, wakaingia katika chumba cha kuonjea kahawa, ambako asubuhi ile hapakuwa na mtu.

Chumba hicho Ursula alikijua vizuri. Waonjaji walikuwa na mazoea ya kumwita pale walipotatanishwa, kwa sababu ya pua yake. Kuna ugonjwa wa kahawa ya nchi ile ambao hufanya punje moja iliyoharibika kuchafua chungu kizima kwa harufu ya kiazi kibichi, na Ursula aliweza kuinusa punje hiyo kabla maji ya moto hayajaigusa. Mara mbili aliomba kazi ya uonjaji. Mara mbili aliambiwa kwamba cheti chake cha kidato cha nne ni cha Tanzania, na kwamba mtu asiyejua Kifaransa hawezi kuandika ripoti. Akarudi mezani. Waonjaji wakaendelea kumwita.

Akamweleza Ghislaine habari ya picha ile. Ilikuwa miaka mitatu nyuma. Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Crispin, alichagua wanawake sita akasema wanakwenda kupigwa picha za kalenda ya kampuni. Walipelekwa Gasorwe kwa gari, wakagawiwa makoti mapya yaliyokuwa bado na alama za kukunjwa, wakaambiwa washike karatasi, waelekeze vidole kwenye kahawa, watabasamu. Walikunywa soda, wakarudi Gitega kabla ya jua kuzama. Kalenda yenyewe hawakuiona, wakaisahau.

"Gasorwe nimekwenda mara moja tu maishani mwangu," Ursula akasema. "Siku hiyo."

Ghislaine aliandika, kisha akaweka kalamu chini. Akauliza kama anamjua msichana anayeitwa Nuru.

"Simjui."

"Ulimufukuza kazi mwaka uliopita."

Ursula alidhani hakusikia vizuri. Kiswahili cha Kivu wakati mwingine kilimpita kando. Akaomba arudiwe, akarudiwa vilevile, neno kwa neno, na Ghislaine akatoa mkobani nakala ya barua na kuisukuma juu ya meza. Ilikuwa ya Kifaransa, imejaa ukurasa mmoja. Chini kabisa, kwa wino wa buluu, palikuwa na sahihi yake. Haikuwa ya kuigiza. U iliyopinda kama ndoana, na mkia alioufundishwa na mwalimu wake wa darasa la nne.

Ghislaine alieleza kwa kifupi, sauti kavu, kama mtu ambaye bado hajaamua amwamini nani. Nuru alikuwa kibarua wa msimu kituoni Gasorwe. Alipeleka malalamiko makao makuu kwamba msimamizi wa ghala, mtu anayeitwa Kastori, alimfungia ndani ya ghala na kumshika kwa nguvu, na kwamba aliumia mkono akijitoa kwa dirisha. Makao makuu yalifurahi kuona kwamba meneja wa kituo hicho ni mwanamke. Wakamwandikia meneja huyo achunguze. Jibu ndilo hili. Lilisema msichana ni mwongo. Faili likafungwa, Nuru akaachishwa kazi. Miezi kumi baadaye Ghislaine, akipekua mafaili yaliyofungwa, alishangaa kuona kwamba barua ile na barua nyingine tatu za Bwana Crispin zilikuwa na kosa lilelile la tahajia katika neno lilelile.

"Sahihi hii ni yako?" akauliza.

Ursula akaivuta ile barua karibu. Alitaka kusema si yake. Lingekuwa jambo rahisi, na huenda lingeaminika. Lakini alikuwa amekumbuka. Siku ile ya picha, kabla ya soda, walipewa karatasi za ruhusa ya kutumia picha zao. Karatasi ya kwanza ilikuwa na maandishi. Tatu zilizofuata zilikuwa tupu, na Bwana Crispin alisema ni nakala, zitajazwa kwa mashine baadaye. Wote sita walisaini, wakicheka, wakiharakisha jua lisipotee.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Maneno si yangu. Mimi Kifaransa changu ni bonjour na merci, dada. Hata sasa sijui hapo pameandikwa nini."

Adhuhuri hiyo Bwana Crispin alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumpigia mtu kelele, na siku hiyo pia hakupiga. Alimpa kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akamwita Mama Upendo, kwa jina la binti yake wa kwanza, ambalo Ursula hakujua kama bosi analifahamu.

Alieleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Makao makuu kila mwaka yanataka hesabu ya viongozi wanawake, viongozi waliorudi kutoka ukimbizini, viongozi kutoka jamii zilizosahaulika. Hawatumi walimu wa kuwafundisha hao viongozi, wanatuma fomu tu. Wanunuzi wao wanataka kuona sura, na nchi isiyotoa sura inakosa wanunuzi, na ikikosa wanunuzi kiwanda kinafungwa na wanawake wote wa kwenye meza wanarudi kulima. Yeye amewapa sura. Nani ameumia?

"Kuna msichana," Ursula akasema.

"Écoute, sikiliza, Mama Upendo." Crispin alisogeza kiti. "Lile jambo lilikuwa neno la mtu mmoja na neno la mtu mwingine. Kastori iko na mke, iko na watoto. Mi nilitafuta amani. Sasa nakwambia hivi: Gasorwe, kazi ile, ichukue kweli. Meneja. Nakuandikia leo. We unamwambia yule madame kitu kimoja tu, kwamba maneno ya barua ni yako, ila mi nilikusaidia Kifaransa. Basi. Uongo unakuwa kweli, kila mtu anapona."

Ursula akainuka, akatoka. Ukumbini hakurudi. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani Musinzira, akipita kando ya foleni ndefu ya magari yaliyokuwa yakingoja mafuta tangu juzi, madereva wamelala milango wazi, na hakuitikia salamu hata moja. Watu walidhani amefiwa.

Mumewe Elikana, fundi seremala, alikuwa amerudi kutoka kibarua chake Mutoyi. Alimkuta mkewe amekaa jikoni, maji yamechemka mpaka yamekauka sufuriani. Akamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Elikana pia alikulia Ulyankulu. Alijua maana ya kurudi katika nchi ambayo ni yako lakini kila siku unaitwa Mtanzania, na alijua pia mkewe alivyolia siku cheti chake kiliporudishwa mara ya pili. Ursula aliona wazi kwamba neno meneja lilimgusa. Lilimgusa na yeye mwenyewe pia. Hakuona haya kulikiri baadaye: kwa muda wa saa nzima, akichambua maharage, alijiona amesimama Gasorwe akitoa amri, na picha hiyo haikuwa mbaya.

Elikana aliuliza swali moja tu. "Huyo binti ana umri gani?"

"Nimeambiwa ishirini na mmoja."

Kutoka nje walimsikia Upendo, mwenye miaka kumi na sita, akimkemea mdogo wake kwa sababu ya ndoo. Wakamsikiliza mpaka akanyamaza. Elikana akasema kesho atambrashia viatu, aende Gasorwe na yule mgeni.

Ursula na Ghislaine waliondoka asubuhi kwa gari alilokodi Ghislaine, barabara ya Karuzi, ukungu bado umelala mabondeni. Ghislaine hakuzungumza sana. Alisema tu kwamba Bwana Crispin alimpigia simu jana kumweleza kuwa Ursula ni mwanamke mzuri lakini ana tatizo la kusahau. Ursula aliitikia kwa kichwa. Hakushangaa tena, au labda mshangao ulikuwa umemjaa hata hapakuwa na pa kuuweka mwingine.

Alikosea. Kituoni Gasorwe, mtu wa kwanza kuwapokea alikuwa mwanamume mnene mwenye fulana safi na funguo kiunoni, aliyenyoosha mikono yote miwili kumwelekea.

"Karibu sana, patron wangu!" akamwambia Ursula, akicheka. "Miaka mitatu tunakungoja."

Alikuwa ni Kastori. Alikuwa bado kazini. Tena, vibarua waliokuwa wakigeuza kahawa juu ya meza walimwita shefu, na Ghislaine alipouliza nani hasa anaongoza hapa, mmoja akamwonyesha Kastori kwa kidevu, bila kujua kwamba swali lina jibu jingine. Ni yeye aliyepanga nani apate kazi msimu huu na nani asipate. Ursula aliutazama mkono aliokuwa amenyooshewa. Alikuwa na mazoea ya kusalimia watu, hata asiowapenda, ndivyo alivyolelewa. Mkono wake haukuinuka. Kastori akashusha wake, akaufuta kwenye suruali, na kicheko kikambaki mdomoni bila sauti.

Kwao Nuru palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, juu ya kilima, kati ya migomba. Mama yake alikuwa akitandaza muhogo kwenye mkeka. Akawakaribisha kwa heshima, akawatolea vigoda, mpaka Ghislaine alipotaja majina yao. Mama akasimama na muhogo mkononi. Hakutukana. Alisema tu, "Ursula wa kituoni?", na kabla hajajibiwa msichana mmoja mwembamba akatokea mlangoni, mkono wa kushoto umekunjwa karibu na kifua, kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana.

"We ndo Ursula," akasema. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Walikaa pale kwa muda mrefu. Ghislaine alimweleza mama mambo yote, pole pole, akirudia mara mbili mbili kwa Kiswahili na kwa maneno machache ya Kirundi aliyoyaokota. Mama alisikiliza huku akiendelea kutandaza muhogo. Mwishowe mlango ukafunguka. Nuru alikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, ameikunja mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Aliyasikia yote kupitia dirishani. Akamwendea Ursula, akamnyooshea ile karatasi.

"Mimi sijui Kifaransa," Ursula akasema. "Nisomee, mwanangu. Jana nilielezwa kwa kifupi tu. Nataka kusikia yote."

Nuru alimtazama kama aliyetemewa mate. "Imesainiwa na we, halafu nikusomee mi?"

"Nakuomba."

Nuru alikuwa amemaliza sekondari. Alikuwa kibarua kwa kukosa kazi nyingine, si kwa kukosa elimu. Hakuhitaji hata kufungua ile karatasi. Aliijua kwa moyo. Akasimama wima, kama mwanafunzi mbele ya darasa, akaanza kuifasiri, macho yake yakiwa kwenye migomba.

"Nimemwita msichana huyu mara mbili, nikamsikiliza kama mama anavyosikiliza mtoto wake. Mimi mwenyewe ni mwanamke. Nimekulia katika shida za ukimbizi, najua mateso ya wanyonge. Kama jambo hili lingekuwa la kweli, ningekuwa wa kwanza kulia naye." Akaubana mkono ule kifuani. "Lakini msichana huyu alikwenda ghalani kwa miguu yake. Ana tabia ambayo wanawake wenzake wanaijua. Mkono aliumia kwa kuiba. Ninaomba, kwa niaba ya wanawake wote wa kituo, aondolewe, ili heshima yetu ibaki safi."

Ursula hakukumbuka alivyoanguka. Alikumbuka tu kwamba alikuwa kwenye kigoda, kisha akawa chini, makalio kwenye vumbi, na harufu ya muhogo uliochachuka imemjaa kichwani. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Hakujiandaa kumsikia mama yake mwenyewe, aliyevuka mto kukimbilia Tanzania mwaka wa sabini na mbili akiwa na mtoto mgongoni, na miaka yote ya mvua chini ya turubai, na foleni za unga, vikitolewa mbele kama ushahidi dhidi ya binti wa watu. Crispin hakuchukua sahihi peke yake. Alichukua maisha yake yote, akamvalisha nayo Kastori.

Mama yake Nuru ndiye aliyemwinua. Alimshika kwapani, akamrudisha kwenye kigoda, akampa maji kwenye kikombe cha bati.

"Karatasi nilisaini ikiwa tupu," Ursula akamwambia Nuru. "Sikujua wataifanyia nini. Lakini niliisaini."

"Kumbe uliwapa jina lako watumie watakavyo."

"Ndiyo."

Nuru alifikiri. "Ingekuwa mwanaume kaandika, mi ningeelewa," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa najiuliza huyu mama nilimkosea nini." Alisema hivyo bila ukali. Hakusema amesamehe, na Ursula hakumwomba.

Siku hiyohiyo, kwenye kigoda kilekile, Ursula aliandika maelezo yake kwa Kiswahili, kwa mkono wake, kurasa nne za daftari ambalo mama alilitoa ndani. Aliandika habari ya picha, ya karatasi tupu, ya maneno ya Crispin ofisini, na ya kazi aliyoahidiwa. Alisoma kila ukurasa kwa sauti kabla ya kuweka sahihi. Ghislaine akachukua, na kwa mara ya kwanza tangu waonane akamwita yaya, dada mkubwa.

Wiki tatu zikapita. Crispin akaambiwa akae nyumbani, naye akaenda Bujumbura. Wanawake wengine watano waliopigwa picha waligundua kwamba kwenye karatasi za kampuni mmoja wao ni mhasibu mkuu na mwingine ni mkuu wa usalama, na yule wa usalama, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia uwanja, alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Kisha likaja tangazo kwamba Brenholt itasoma barua rasmi mbele ya wafanyakazi wote wa Gasorwe, na kwamba Ursula na Nuru wanaalikwa.

Watu walikusanyika kati ya meza za kuanikia. Nuru alisimama nyuma kabisa na mama yake. Ghislaine alisoma, na kadiri alivyosoma sauti yake ilizidi kushuka, kwa kuwa barua hiyo yeye hakuiandika. Barua ilisema kwamba palitokea kasoro za kiutawala katika uandishi wa vyeo. Ilisema malalamiko ya mfanyakazi mmoja wa zamani yataangaliwa upya. Ilisema mfanyakazi mmoja amehamishiwa kituo kingine ili kulinda amani mahali pa kazi. Ilisema Brenholt inaamini katika heshima kwa wote.

Mwisho wake. Watu wakatazamana. Hawakujua kama wapige makofi.

Ursula alitazama upande wa ghala, akaona kwamba ni kweli Kastori hayupo, na papo hapo akaelewa maana ya neno kituo kingine. Mahali fulani, kwenye kilima kingine, palikuwa na ghala jingine, na vibarua wengine wa msimu.  Hakuwa amepanga kusema. Alijikuta amekwisha simama juu ya ukingo wa tangi la kuoshea.

"Mimi ndiye Ursula mliyeambiwa ni meneja wenu," akasema. "Sijawahi kuwa. Barua iliyosema Nuru ni mwongo ina sahihi yangu, na ni ya uongo. Huyo mfanyakazi mmoja ana jina. Anaitwa Kastori. Hakuhamishwa kwa ajili ya amani. Amehamishwa na funguo zake."

Watu wote wakageuka kumtazama. Mtu mmoja upande wa wanaume akaguna kwamba mambo hayo hayasemwi hadharani. Ursula alikuwa akitafuta pa kushukia, pale mwanamke wa makamo aliyekuwa kwenye meza ya tatu alipovua kofia yake ya majani. Akasema kwamba na yeye, msimu wa mwaka juzi. Aliishia hapo tu. Mwingine akasema na yeye. Wa tatu alijifunika uso kwa kitenge akaanza kulia, na mumewe, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na koleo mkononi, alimgeukia polepole kama mtu aliyepigwa kwa nyuma. Hakuwa anajua.

Ursula alisema baadaye kwamba uso wa yule mwanamume ndio unaomrudia, kuliko barua, kuliko picha.

Kastori alikamatwa siku kumi baadaye. Crispin hakurudi Gitega. Inasemekana ana kazi katika kampuni nyingine, na wanaosema wanaapa. Ursula alipewa barua mbili kutoka makao makuu, katika wiki moja. Ya kwanza ilimteua mwonjaji msaidizi. Ya pili ilimpa onyo, kwa kuwa alimtaja mfanyakazi mwenzake hadharani na hivyo akavunja kanuni ya maadili kuhusu siri za uchunguzi. Ghislaine alimpigia simu akiwa na aibu, akasema amepigana nayo na ameshindwa, na kwamba onyo litabaki kwenye faili miaka miwili. Ursula alimuuliza kama Crispin naye ana onyo kwenye faili. Ghislaine akasema hapana.  Crispin aliacha kazi mwenyewe, kwa barua nzuri.

Kazi ya uonjaji aliichukua. Anaandika ripoti zake kwa Kiswahili, na mtu mwingine anazifasiri, na dunia haijaanguka.

Kesi ya Kastori iko Muyinga. Imeahirishwa mara mbili, mara moja kwa sababu jalada halikuonekana na mara ya pili kwa sababu mwanasheria hakupata mafuta ya gari. Mara ya tatu Elikana alimuuliza mkewe kama atakwenda tena, akamkuta amekwisha funga vitumbua kwenye karatasi. Ursula aliondoka Gitega alfajiri, akabadilisha gari mara mbili, na sehemu ya mwisho akaitembea kwa miguu. Alipofika mahakamani watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Nuru alikuwa amekaa ndani pamoja na wale wanawake watatu wa Gasorwe, na mkono wake ule mbovu aliulaza juu ya benchi, pembeni yake, akimshikia Ursula nafasi.